Ada ya bima ya afya hupanda kwa nini, na uangalie nini kabla ya kukata

Umeuliza kwa nini ada inapanda ilhali hujaugua, na kama ni haki serikali kumlazimisha kila mtu ajiunge.

Ada yako hailipii ugonjwa wako tu, inalipia wa kundi zima. Chukua watu 100 ambao matibabu yao kwa mwaka ni 1,000,000: kila mmoja anachangia 10,000. Wazima 40 wakijitoa, gharama ikashuka hadi 960,000 tu, waliobaki wanabebeshwa 16,000 kila mmoja. Hapo wengine nao wanakimbia. Ndiyo maana Uswisi imeifanya bima kuwa lazima tangu 1996, huku wenye kipato kidogo wakipewa ruzuku. Kulazimisha bila ruzuku ni kumwonea maskini, kwa kweli.

Kwa upande wako, usilinganishe ada peke yake. Jumlisha na kiasi unachotakiwa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Soma kikomo cha kulazwa, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa ukilazwa, na muda wa kusubiri kabla huduma fulani hazijaanza kulipiwa; aliyekata bima akiwa tayari mjamzito mara nyingi halipiwi uzazi. Na presha au kisukari usivifiche kwenye fomu: dai linaweza kukataliwa ukiwa tayari wodini.