Kabla ya kubonyeza OK: kwa makarani wapya wa takwimu Tabora

Ukiajiriwa kwenye chama cha msingi cha tumbaku Urambo au Kaliua, au kwenye mradi wa asali Sikonge, mapema tu utatumiwa faili la CSV lenye majina ya wanachama. Utalibofya, litafunguka, utaanza kurekebisha. Wengi huwa wameshaliharibu hapo, hata herufi moja hawajagusa.

CSV ni maandishi matupu. Koma zinatenganisha kolamu, basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni simu na ile ni kilo za tumbaku, kwa hiyo programu inayolifungua inakisia. Ikikuta simu inayoanza na 07, inaona namba, na sifuri ya mbele inaitupa. Namba ya NIDA inaumia zaidi. Ina tarakimu 20, na programu za majedwali hutunza kwa uhakika tarakimu 15 hivi za kwanza. Zinazofuata huwezi kuziamini tena. Sifuri ya simu utairudisha kwa dakika moja. Tarakimu za NIDA hazirudi, mpaka uwe na faili la awali. Ikiandikwa na vistari katikati husalimika, maana inachukuliwa kuwa maandishi, lakini ni wangapi wanaviandika?

Msidhani ni shida ya ofisi za mikoani tu. Mwaka 2020 wataalamu wa jenetiki walibadilisha majina ya baadhi ya jeni za binadamu, ikiwemo MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe.

Kwa anayeanza napendekeza LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel. Ni ya bure, na ukishaipakua haili bando. Ila ninachokipenda hasa ni lile dirisha linalojitokeza kabla CSV haijafunguka. Watu hubonyeza OK ili liondoke. Lisomeni. Juu, kwenye namna ya kusoma herufi, chagueni UTF-8. Chini mtaona sehemu ya data yenu: bofya kichwa cha kolamu ya simu, kisha kwenye aina ya kolamu chagua Text. Fanya hivyo kwa NIDA, kwa akaunti ya benki, kwa namba ya uanachama inayoanza na sifuri. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuitafutia wastani, ifungue kama maandishi. Tarehe nazo ziandikwe 2024-04-03, mwaka mbele, maana 03/04/2024 ni Aprili kwa huyu na Machi kwa kompyuta ya yule.

Halafu kuna majina ya kata. Ng'ambo peke yake utaikuta kama Ng'ambo, NGAMBO, Ng`ambo na Ngambo yenye nafasi mwishoni. Ukihesabu wanachama kwa kata, umepata kata nne. Kurekebisha moja moja kwenye Calc kunawezekana kwa mistari hamsini. Kwa elfu tano, tumieni OpenRefine, programu ya kusafisha data. Nayo ni ya bure. Inafunguka ndani ya kivinjari, kwenye anwani 127.0.0.1:3333, jambo linalowatisha wengi wakidhani data imeruka mtandaoni; iko kwenye kompyuta yako, hata intaneti ikikatika. Inakusanya majina yanayofanana na kukuuliza kama uyaunganishe. Kila hatua inaandikwa, unaweza kurudi nyuma, na hatua hizohizo ukazitumia kwenye faili la mwezi ujao. Faili la awali haliguswi.

Lakini msikubali kila pendekezo. Ukilegeza vipimo vyake inaweza kuona Ipuli na Ipole ni kitu kimoja, na wewe unajua Ipuli iko Tabora mjini na Ipole iko Sikonge. Hapo ndipo mshahara wako unapopatikana.

Mkipanga majina kwa alfabeti, chagueni jedwali zima. Ukipanga kolamu moja tu, kilo za Masanja zinakwenda kwa Mwajuma, na hakuna alama nyekundu itakayokuonya.

Kuhifadhi: CSV haibebi fomula, rangi, wala karatasi ya pili. Calc itakuuliza ubaki na CSV au uende ODF, yaani aina ya faili ya Calc yenyewe, inayobeba vyote hivyo. Kazi inayoendelea iwe ODF; CSV ni ya kutuma, na kabla ya kuituma ifungue kwa Notepad uone kama zile sifuri bado zipo.