Kuhamisha zana ulizokompaili kutoka Linux moja kwenda nyingine: tatizo si kunakili, ni glibc

Mkuu, umeuliza kama zana ulizokompaili kwenye Linux moja unaweza kuzinakili zilivyo hadi mashine nyingine bila kusakinisha upya. Unaweza. Mimi hufunga folda nzima kwa tar, ruhusa za faili zisipotee, na kule naifungua mahali palepale, tuseme /opt/zana, maana programu nyingi huwa zimeandikiwa njia hiyo ndani yake.

Kinachotutesa ni glibc, maktaba kuu ya C ambayo karibu kila programu kwenye Linux za kawaida huitegemea. Niliwahi kukompaili kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, nikapeleka kwenye seva ya CentOS 7, yenye 2.17. Ikagoma, inadai GLIBC_2.34. Nikajifanya mjanja: nikabeba na libc.so.6 yenyewe, yaani faili la glibc, nikaielekeza kwa LD_LIBRARY_PATH, kigezo kinachoiambia mfumo utafute maktaba wapi kwanza. Lo! Hata ls ikaanza kuanguka. Kumbe libc na kipakiaji chake, ld-linux, kinachoanzisha programu na kuiunganisha na maktaba zake, ni pacha, lazima watoke toleo moja. Bahati yangu unset, ya kukifuta kigezo hicho, ni amri ya ndani ya bash, haihitaji libc mpya kupakiwa, ndiyo iliyoniokoa. Tangu siku hiyo libc siibebi.

Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani hukubali kwenye mpya, kinyume chake ni kubahatisha. Kwa hiyo kompailia kwenye mashine kuukuu kuliko zote ulizonazo, au ndani ya kontena (kama Docker) la distro, yaani toleo la Linux, ya zamani. Ukitaka kujua programu inadai toleo gani, piga objdump -T kisha chuja GLIBC_ kwa grep.

Maktaba nyingine hazina shida. ldd itakuonyesha zipi hazipatikani. Ziweke kwenye lib kando ya bin, halafu uiambie programu izitafute humo ($ORIGIN ni folda iliko programu yenyewe):

patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' bin/programu

Usisahau hizo alama za nukuu, la sivyo bash itaimeza $ORIGIN. Ukishafanya hivi, maktaba ambazo programu inazihitaji moja kwa moja zitapatikana popote utakapoiweka folda.

Na kama ulikompaili kwa -march=native, inayojenga kwa kufuata prosesa ya mashine hiyo hiyo, itoe ukompaili upya. Prosesa ya zamani ikikutana na maelekezo isiyoyajua, programu inakufa papo hapo.

Alpine, distro nyingine ndogo, nayo ina kituko chake: unaambiwa faili halipo, na wewe unaliona kwa macho! Kisichokuwepo ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, kwa kuwa Alpine hutumia musl, maktaba nyingine ya C, badala ya glibc. Kwa hiyo kompaili upya kwa musl na -static, ili maktaba zote ziingie ndani ya faili la programu. Faili hilo moja litakubali Alpine na hata kwenye zile za glibc, mradi prosesa ni za aina moja.