Niende na watoto kwa okestra ama niwaache nyumbani?

*Anti, habari za siku. Kuna okestra ya watu wa kujitolea hapa Nairobi watapiga Jumapili mchana na tangazo linasema ni ya familia nzima. Mimi nina wawili, wa miaka 4 na wa 8. Mwaka jana niliingia na huyu mdogo kwa shoo ingine akalia kidogo tu, mama wa mlangoni akaniambia nitoke, hadi leo nikikumbuka naona aibu. Baba yao naye anasema hiyo ni miziki ya wazungu, watoto watalala. Nifanye nini? – Mama Zawadi, Kayole*

Mama Zawadi, enda nao. Na pole sana kwa ile siku, huyo mama hakukutendea vizuri, mtoto kulia si kosa la mzazi. Wakiandika familia nzima maanake wamejipanga, wanajua kuna mwenye atauliza maswali kwa sauti na kuna mwenye atataka kukojoa katikati ya wimbo.

Sasa mahali pa kukaa, hapa ndio wazazi wengi hukosea. Wanakimbilia nyuma karibu na mlango, halafu mtoto anaona migongo ya watu saa nzima, lazima achoke! Mtoto wa miaka 4 anasikiliza na macho. Fika mapema ukae mbele lakini pembeni kabisa, aone mikono ya wapigaji, aone fidla zote zikipanda na kushuka pamoja na yule wa ngoma kubwa huko nyuma akingoja zamu yake, na akikushinda unatoka bila kukanyaga mtu. Mkitoka mtulie nje kidogo mrudi kukiwa na makofi, hiyo ni kawaida.

Uliza pia watapiga nini. Shoo za watoto mara nyingi huwa na ile hadithi ya Peter na mbwa mwitu, mtunzi Mrusi Prokofiev aliiandika Moscow mwaka 1936 makusudi watoto wajue vyombo, msimulizi anasimulia na kila mhusika ana chombo chake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni pembe za kupuliza, tatu kwa pamoja, na bata ni obo, ambayo ni ndugu ya zumari letu la pwani, hata mlio utausikia ule ule wa puani. Wasimulie hadithi yenyewe usiku wa Jumamosi wakiwa kitandani. Yule wa miaka 8 akishajua mbwa mwitu anakuja na pembe atakaa akiingoja, na hapo hata wewe utasahau simu yako.

Makofi yasikutie hofu. Muziki mrefu huwa na vipande, katikati kuna kimya, watu hungoja hadi yule kiongozi mwenye kijiti ashushe mikono ageuke. Lakini mtoto akipiga kabla, wacha apige. Mtunzi Mozart alimwandikia babake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kabisa vile watu walipiga makofi muziki ukiendelea, na hiyo ni simfoni yake mwenyewe, ule muziki mrefu wa okestra.

Kwa baba yao, mwulize kama taarabu pia ni ya wazungu. Kundi la taarabu la Nadi Ikhwan Safaa la Zanzibar lipo tangu 1905 na fidla tumeizoea huko miaka na miaka, pamoja na vyombo vingine vya nyuzi, udi na kanuni. Na pale Korogocho watoto wa Ghetto Classics, mradi wa muziki, wamekuwa wakijifunza vyombo hivi tangu 2008, watoto wa hapa hapa kwetu. Mwambie aje naye, amshike huyo mdogo.

Shoo ikiisha usikimbilie matatu. Hawa wa kujitolea wengi wana kazi zao zingine, wanapiga kwa mapenzi tu, ukiwasogelea na mtoto ukaomba kwa heshima, mmoja wao atakuonyeshea chombo chake na pengine amwache aguse uzi mmoja. Hiyo ndio watoto hukumbuka.

*Anti, binti yangu wa miaka 9 alitoka kwa shoo kama hiyo, sasa ni fidla fidla kila siku. Ninunue? – Baba Amina, Tanga*

Baba Amina, usinunue bado, na usimnunulie kubwa eti atakua aifikie, itamwumiza shingo na ataichukia. Fidla zina saizi za watoto, kuna robo, nusu na robo tatu, na miaka 9 wengi huwa kwa nusu lakini mkono ndio unaamua: anyooshe mkono wa kushoto, fidla iwe begani, kichwa cha fidla kifike kiganjani na vidole vikizungushe bila kujivuta. Tafuta mwalimu kwanza, azime ama akodi miezi mitatu. Mkivuka Zanzibar likizo, mpeleke DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki kilichoanza 2002, akaone wenzake wakijifunza.