Milima ya Alps Mwezi wa Novemba, Bila Gari

SWALI: Mhariri, nitakuwa Bern, Uswisi, kwa semina katika wiki ya kwanza ya Novemba, kisha nitabakiwa na siku tatu kabla ya kurejea nyumbani. Kila likizo hupanda basi kutoka Tanga hadi Lushoto na kutembea kwa miguu hadi Irente. Je, naweza kutembea hivyo hivyo katika milima ya Alps bila kukodi gari, ilhali nasikia si msimu wa wageni?
Mwalimu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Unaweza, Mwalimu, ila tazama kwanza usafiri upi unafanya kazi, ndipo uchague njia. Mwezi huo magari mengi ya nyaya yanayopandisha watu mlimani hufungwa kwa matengenezo, kwa kuwa watembeaji wa kiangazi wameshaondoka na wanaoteleza juu ya theluji hawajafika. Treni na mabasi ya manjano ya posta huendelea kama kawaida.

Ningekuwa wewe ningekwenda bonde la Lauterbrunnen. Kutoka Bern treni hufika Interlaken Ost kwa muda usiofika saa moja, na nyingine hukufikisha Lauterbrunnen kwa dakika 20 hivi. Treni ya Jungfraujoch nayo hupanda mwaka mzima hadi mita 3,454, lakini nauli yake ni kubwa, na mtu aliyezoea hewa ya pwani anaweza kuumwa kichwa huko juu.

Vibao vya njia ni vya manjano, na huonyesha muda wa kutembea bila kuhesabu mapumziko. Ukiona alama ya nyeupe, nyekundu na nyeupe, hiyo ni njia ya mlimani, nami nakusihi uiache: upande usiopigwa na jua, theluji hufunika barafu, na buti zinazokufaa kwenye utelezi wa udongo wa Usambara hazitakushika pale.

Panda basi asubuhi hadi Stechelberg, mwisho wa bonde, kisha urudi Lauterbrunnen kwa miguu ukifuata mto, mwendo wa kilomita kama sita unaoteremka taratibu, hadi uyaone maporomoko ya Staubbach yakidondoka karibu mita 300. Jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni, na kivuli cha majabali hutangulia mapema zaidi. Kabla ya kuanza, piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni, ukikumbuka kuwa 15.00 yao ni saa tisa alasiri yetu. Ukichoka, basi hilo hilo litakuchukua njiani.