Ninaacha kazi: je, nimweleze mwajiri wangu kuhusu pombe?

SWALI

Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, karani wa hesabu katika ghala moja la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nimefanya kazi kwa mzee huyu tangu nilipomaliza chuo, na msiba wa baba yangu aliusimamia kama wa kwake. Tangu mwaka jana pombe imemzidi. Anafika asubuhi mikono ikimtetemeka, na haitulii mpaka apate kinywaji. Wateja wawili kutoka Kongo wametozwa mara mbili kwa mzigo uleule. Siku nyingine hulishika mwenyewe gari la mzigo kwenda Igombe, vibarua wakiwa wamepanda nyuma. Sasa nimepata kazi Bukoba. Wenzangu wananiambia nichukue haki yangu niende kimya kimya, na mama anasema mtoto hamfundishi mkubwa wake. Je, nimweleze mzee kabla sijaondoka, nimwambie mkewe, au niache?

Anayeondoka, Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na gari, kwa sababu hilo halina uhusiano wowote na kuondoka kwako na haliwezi kungoja barua wala kikao. Asubuhi yoyote utakayoona mzee amekunywa na anataka kuendesha, mwombe kwa heshima funguo apewe dereva mwingine, na vibarua uwaambie wasipande. Akikataa, mpigie simu saa hiyohiyo ndugu yake au mtu mzima anayemsikiliza. Hapo hakuna siri ya kumtunzia, kwa kuwa walio nyuma ya gari wana watoto wanaowangoja nyumbani.

Kuhusu swali lenyewe, maoni yangu ni kwamba umweleze, yeye mwenyewe, mkiwa wawili tu, na mara moja. Wenzako wanaobaki wanaogopa kupoteza riziki, wateja waliochoka watahamia ghala la jirani bila kumwambia sababu, na nyumbani hawaoni yanayotokea dukani; wewe ndiye unayezijua hesabu zake na unamjua yeye, na huna tena cheo wala nyongeza ya mshahara unayoitafuta kwake. Lakini nafasi hiyohiyo ina hatari yake: anayeondoka anaweza kusema neno zito kisha akapanda meli ya Bukoba, akamwachia mwenzake maumivu peke yake. Kwa hiyo usiliweke jambo hili siku ya mwisho. Liseme ukiwa bado una wiki mbili za kuingia ghalani kila asubuhi, ili akitaka kukuuliza kitu, au hata kukukasirikia, akupate.

Mama yako amesema neno la adabu, nami simpingi. Najua pia kwamba kwetu jambo la mkubwa hupitishwa kwa rika lake, na katika mambo mengi huo ndio utaratibu bora. Hapa sikushauri uanze hivyo, kwa sababu aibu ya mzee itakuwa imepita kwenye masikio ya mtu wa tatu kabla haijamfikia mwenyewe. Heshima utaionyesha katika namna ya kusema: salamu kwanza, kuomba ruhusa, sauti ya chini, na kukubali kunyamaza akikwambia unyamaze.

Barua ya kuacha kazi itangulie. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, ikiwa na sababu na tarehe. Andika kwamba umepata kazi nyingine, ambayo ndiyo kweli, wala usitaje pombe hata kwa fumbo, maana karatasi hubaki kwenye faili na husomwa na watu ambao hukuwakusudia. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyokuwa hujachukua na hati ya utumishi ni haki zako. Zungumzeni habari hizo siku nyingine kabisa, asije akadhani unamtisha ili akulipe.

Sasa wakati. Asubuhi akiwa anatetemeka hatakusikia, na jioni hatakumbuka. Chagua siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika na ghala likiwa halina pilikapilika, saa nne hivi. Mwambie uliyoyaona kwa macho yako, usimwite mlevi, wala usitaje wengine wanasema nini. Kwa mfano: “Mzee, umenilea, na nisingependa niondoke nikiwa nimekuficha jambo. Naona mikono yako asubuhi, na nimeona makosa kwenye stakabadhi ambayo zamani hayakuwapo. Nina wasiwasi na afya yako. Ukiridhia, nitakusindikiza kwa daktari.”

Nakuomba sana uzingatie neno hilo la daktari. Kutetemeka kunakotulia baada ya kinywaji ni dalili kwamba mwili umeshaizoea pombe kiasi cha kuitegemea, na mtu wa namna hiyo akiacha ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Kwa hiyo usimwapishe aache leo. Anahitaji kuacha chini ya uangalizi wa hospitali, na hapo Mwanza Bugando ina idara ya afya ya akili, ambako uraibu hutibiwa kama ugonjwa mwingine wowote.

Akikasirika, usibishane naye. Mwombe radhi kwa kumuudhi, lakini usiyafute uliyoyasema. Mkewe usimwendee, kwani inaelekea anajua zaidi yako. Akikuuliza mwenyewe, mjibu kweli.

Zimebaki zile fedha za wateja wa Kongo. Hizo ziingize katika taarifa yako ya makabidhiano: tarehe, namba za stakabadhi na kiasi kilichozidi, bila kueleza kosa lilitokeaje. Mwombe mzee aidhinishe warudishiwe fedha zao ukiwa bado kazini, maana karani atakayekuja baada yako hataweza kulieleza deni hilo, na wateja hao watakapodai, jina litakalosomwa kwenye daftari ni lako.