Namba kubwa kwenye boksi la winchi isikubabaishe

Watu wakiniuliza wanunue winchi gani, ile mashine ya umeme inayofungwa mbele ya gari ili lijivute kwa waya likikwama, huanza na namba ya nguvu ya kuvuta: ya pauni 9,500, 10,000 au 12,000? Mimi huwarudisha nyuma kidogo: unasafiri peke yako au kwa msafara? Kama kila ukiingia porini kuna gari jingine nyuma yako, basi koleo, vibao vya kuweka chini ya tairi na kamba nzuri ya kuvutana vitakutoa sehemu nyingi kwa gharama ndogo zaidi. Winchi ni ya mtu anayejua kwamba iko siku atakwama mahali pasipo na wa kumvuta.

Kama mtu huyo ni wewe, haya, tuongee namba.

Kanuni iliyozoeleka ni kuchukua uzito wa gari na kuuzidisha mara moja na nusu. Uzito wenyewe ni wa gari likiwa limesheheni: mafuta, maji, abiria, hema la juu, vipuri na makorokoro yote. Wengi hupiga hesabu kwa gari tupu, ilhali hakuna anayekwama na gari tupu. Pikapu ya milango minne iliyopakiwa vizuri hufika tani 3 bila taabu. Mara moja na nusu ni tani 4.5, yaani karibu pauni 9,900. Winchi ya 9,500 ni kama kilo 4,300, imepungukiwa kidogo. Ya 10,000 inatosha. Ya 12,000 ningeichukua kwa gari lenye bampa za chuma na tangi la ziada. Ziada hiyo si ya kujionyesha. Tope linanyonya. Wanajeshi wa kuokoa magari hukadiria kwamba tope likifika usawa wa magurudumu, nguvu inayohitajika kulitoa gari ni sawa na uzito wake. Likifika kwenye madigadi, ni mara mbili.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakuambii mpaka umuulize. Pauni zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa dramu, yaani pipa linalokunjiwa waya, ikiwa imebakiwa na tabaka moja tu la waya. Kila tabaka linaloongezeka hunenepesha dramu, na winchi hupoteza kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu yake. Kwa hiyo mti ukiwa karibu, ukafungua mita chache tu, unavutia tabaka la juu kabisa, na ile winchi ya 9,500 inaweza kuwa imebakiwa na pauni 6,500 hivi. Watu huona mti wa karibu ni bahati. Mimi naruka, naenda kufunga kwenye ule wa mbali.

Dawa nyingine ni kapi. Unapitisha waya kwenye kapi lililofungwa mtini, kisha unaurudisha kwenye ndoano ya gari lako mwenyewe. Nguvu inakuwa karibu maradufu, mwendo unashuka nusu, mota inapumua. Ukiniuliza nichague kati ya winchi kubwa bila kapi na winchi ya wastani yenye kapi zuri, sifikirii mara mbili: nataka kapi.

Kwenye umeme ndiko wengi wanakoumia, kwa sababu hakuonekani dukani. Winchi ya saizi hii ikivuta kwa nguvu zake zote hula ampea 400 au zaidi. Alteneta nyingi hutoa kati ya 80 na 150. Pengo lote hilo linabebwa na betri. Ukitazama kipima volti wakati wa mvuto mzito utaona sindano inavyoporomoka, na volti zikishuka mota inazidi kuchemka. Betri iliyochoka itafanya winchi yoyote ionekane mbovu. Kabla ya kununua winchi, badilisha betri kama ina umri. Kazini, injini iwe inaunguruma juu kidogo ya silensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta), uvute kama dakika moja, upumzishe, ushike mota kwa mkono. Kama huwezi kuacha mkono juu yake, ngoja.

Kuhusu mota, zipo zenye sumaku za kudumu na zenye koili za waya. Za sumaku hula umeme kidogo na ni nafuu, ila huchoka haraka kwenye mvuto mrefu. Kwa anayekutana na tope kweli, chukua za koili.

Waya au kamba? Nimetumia vyote viwili, na sasa niko upande wa kamba ya sintetiki. Ni nyepesi, inashikika, na ikikatika hairuki kwa ukali kama waya. Waya wa chuma ukizeeka huota miiba inayopenya hata glavu nyembamba. Lakini kamba ina adui wake: jua, mchanga na miamba yenye makali. Breki ya winchi nyingi pia imo ndani ya dramu, na ukishusha gari mteremko mrefu joto lake hula kamba kutoka chini usikoona. Kama kazi yako ni ya mawe na hakuna wa kuiosha kamba baada ya safari, baki na waya. Ukihamia kwenye kamba, badilisha na mdomo wa kupitishia: rola zilizokwisha kukwaruzwa na waya zitaichana. Weka mdomo laini wa alumini.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakimo kwenye maboksi mengi, nacho ni swichi kuu ya kukata umeme wa winchi. Niliona umuhimu wake kwenye gari la mwenzetu kando ya mto. Aliachia kitufe cha rimoti, winchi ikaendelea kuvuta. Solenoidi, swichi za umeme zinazowasha mota, zilikuwa zimegandana. Ndoano ikawa inasogea kuelekea kwenye bampa, yeye anabofya na kubofya, na aliyeokoa jahazi ni kijana aliyefungua boneti na kung'oa terminali ya betri kwa spana. Swichi ya kugeuza kwa mkono, iliyofungwa mahali unapopafikia bila spana, ingemaliza mambo kwa sekunde moja. Hapo hapo kagua kiboksi cha solenoidi. Kama unavuka maji, tafuta alama ya IP67, inayomaanisha kifaa kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Ufungaji usiuchukulie poa. Winchi ishikwe na chesisi kupitia bamba la chuma, si na bampa la kiwandani. Na kumbuka unaongeza kilo 30 hadi 40 mbele ya ekseli, bila kuhesabu bampa jipya. Springi za mbele zikiinama, weka ngumu zaidi. Mengine ni madogo: glavu nene, mkanda mpana wa kuzungushia mti usichunike, blanketi zito la kutupia juu ya waya.

Ikishafungwa, usiondoke na waya kama ulivyotoka kiwandani, maana umekunjwa kwa ulegevu, na siku ya mvuto mzito tabaka la juu litajichimbia katikati ya yale ya chini na kunasa. Tafuta mteremko mdogo, funga mtini, fungua waya mpaka ibaki mizunguko 5 kwenye dramu, au 8 hadi 10 kama ni kamba. Kisha jivute taratibu kupanda, mwenzako akigusa breki kidogo kidogo, na mwingine akitazama kwa mbali kama mizunguko inajipanga ubavu kwa ubavu.