Maswali na majibu: mazoezi ya macho na mtoto asiyeshika kusoma

Mwanangu wa Gredi ya 4 anaruka mistari akisoma, na mwalimu analalamika hatulii. Kliniki moja imetaka tulipie vipindi 40 vya mazoezi ya macho. Tulipe? (Mama, Milimani, Nakuru)

Msilipe bado, mama. Waulize kwanza wamemkuta na ugonjwa gani. Wakijibu kwamba "macho hayaelewani na ubongo", hilo si jina la ugonjwa.

Tatizo ambalo mazoezi yamethibitika kulisaidia ni macho mawili kushindwa kugeukia ndani kwa pamoja anapotazama kitu cha karibu. Dalili zake: kichwa kinauma baada ya kusoma kidogo, maneno yanakuwa mawili au yanacheza, mtoto anafumba jicho moja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, kwa watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, uliwapa wengine mazoezi ya kliniki saa moja kila wiki kwa wiki 12, pamoja na ya nyumbani. Asilimia 73 walipona au kupata nafuu. Kwa waliopewa mazoezi bandia, asilimia 35. Lakini utafiti wa mwaka 2019, kwa watoto 311, uliwapa wengine mazoezi hayo kwa wiki 16, na ufahamu wao wa kusoma haukuwapita wale wa mazoezi bandia. Kichwa kuacha kuuma ni faida ya kweli. Kujua kusoma ni jambo jingine.

Unaweza kuchunguza nyumbani. Simamisha ncha ya biro usawa wa macho yake, umbali wa sentimita 40, uisogeze polepole kuelekea katikati ya macho. Aseme inapokuwa mbili, au wewe uone jicho moja likiponyoka kwenda nje. Pima kwa rula kutoka hapo hadi kwenye macho, urudie mara kadhaa, kwa maana macho dhaifu huchoka. Ikizidi sentimita 6, mpeleke akapimwe kikamilifu. Na kama anatumia dawa za ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini), usimwachishe eti kwa sababu ameanza mazoezi.

Tulipewa uzi wenye shanga tatu. Tutajuaje anafanya sawasawa? (Baba, Kakamega)

Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine aishike kwenye ncha ya pua, uzi ukazwe. Akitazama ushanga mmoja, aone nyuzi mbili zikikatana pale pale kwenye ushanga. Zikikatana nyuma yake, macho hayajageuka ndani vya kutosha. Akiona uzi mmoja tu, ubongo umelizima jicho moja: simamisha mazoezi, umrudishe kwa aliyewapa.

Amepimwa shuleni, anasoma herufi zote za ubaoni. Kwa hiyo macho ni mazima? (Wengi, tena na tena)

Hapana! Ubao wa mita 6 hupima kuona mbali. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu, kwa hiyo mwenye kuhitaji miwani ya plasi 4 anaweza kujikaza akamaliza herufi zote, kisha kitabuni akachoka mapema. Dai apimwe kwa matone ya kulegeza misuli. Husubiriwa dakika 30 hadi 45 ndipo apimwe, na ukungu wa karibu unaweza kudumu mpaka kesho yake, basi msiende siku moja kabla ya mtihani.

Nina wanafunzi wasiosoma hata silabi. Ninunue karatasi za rangi za kuwekea juu ya kitabu? (Mwalimu, Bungoma)

Usinunue, mwalimu. Mwambie mwanafunzi afumbe macho, umuulize: "Sema *kata*. Sasa ondoa *ka*. Kumebaki nini?" Endelea na *pika*, *soma*, *lima*. Anayeshindwa kabisa akiwa amefumba macho hakwami kwa sababu ya macho. Disleksia ni shida ya kushughulikia sauti za lugha, na dawa yake ni kufundishwa sauti na silabi kwa mpangilio, kidogo kidogo, kila siku. Kituo cha EARC cha kaunti, yaani kituo cha kupima mahitaji ya elimu ya watoto, kinampima. Masikio yapimwe pia: usaha wa mara kwa mara hupunguza kusikia.

Wa PP2 (chekechea) anageuza b na d. (Mama, Molo)

Ni kawaida hadi miaka 7 hivi.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu?

Weka pesa yako. Mpunguzie simu.

Binti wa miaka 5 ana kengeza. Litaisha akikua? (Shangazi, Kondele)

Halitaisha, na kila mwaka wa kungoja unalidhoofisha jicho. Kwanza miwani, kama anahitaji. Kisha hufunikwa jicho ZIMA, kwa udhaifu wa wastani saa 2 kwa siku, ili lile dhaifu lifanye kazi. Wazazi wengi hufunika lililopinda, ni kosa. Matokeo ni bora zaidi kabla ya miaka 7. Na mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda ni saratani.

Na macho yakimwasha, msimnunulie matone dukani. Yenye steroidi hutuliza mwasho haraka, lakini yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Twende wapi? (Baba, Luanda)

Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga, iko karibu nanyi. Wa Kisumu wana Hospitali ya Jaramogi. Beba miwani ya zamani, dawa anazotumia na daftari la darasani. Kabla hamjatoka, mwombe daktari aandike jina la tatizo kwenye karatasi.